Kiganja cha Polisi

Marlow Bend, Ohio
9 Machi 2019

Mwanangu Tobias,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Renata na mtoto. Sisi huku tupo. Theluji inayeyuka na kuacha matope mpaka mlangoni. Binamu yako Nadine kajifungua mtoto wa kiume, mnene kama bata mzinga wa Krismasi, wamempa jina la marehemu baba yako. Paa la kanisa bado linavuja upande wa kwaya, kwa hiyo sisi wa sauti ya pili tunaimba na ndoo miguuni. Najua utasema ningepiga simu. Simu siisikii vizuri siku hizi, na wewe kwenye simu unaongea kama mtu anayetafuna. Karatasi haitafuni.

Sasa nisikilize. Unamkumbuka Alvin Sturdivant wa nyumba ya pili, aliyekutengenezea baiskeli ukiwa mdogo. Ana kisukari, na sukari yake ikishuka anakuwa kama mtu aliyelewa. Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, alikuwa anarudi dukani. Sukari ikamshukia njiani, gari akaliegesha kombo mbele ya nyumba yangu, akabaki ameshika usukani anatabasamu peke yake. Polisi wawili wakaja. Nilikuwa kibarazani nakung'uta mkeka. Wakamwambia atoke, hakutoka. Wakamwambia tena, akawatazama tu. Nikapaza sauti: "Ana kisukari. Mpeni kitu kitamu." Nikarudia. Yule polisi kijana anayeitwa Brandt akaninyooshea kiganja, hivi, kama unavyomzuia ng'ombe. Kisha wakamvuta Alvin nje kwa mkono mmoja, nikasikia bega lake likivunjika. Nilikuwa mbali, Tobias, lakini nililisikia.

Wamemshtaki kwa kukaidi amri na kupinga kukamatwa. Mzee wa miaka sitini na sita ambaye hakuweza kutaja jina lake.

Wewe ni polisi mwaka wa kumi na moja sasa, tena unafundisha wenzako. Niambie, hivyo ndivyo mnavyofundishwa? Nataka jibu la polisi, silitaki la mpwa. Halmashauri ya mji inakutana mwanzoni mwa Aprili, na mimi nitasimama kusema.

Shangazi yako,
Ernestine


Oregon
30 Machi 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa ndoo. Huku wote tu wazima. Renata amepata zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo sasa tunakula pamoja kama watu. Simone ameng'oka meno mawili na anayaonyesha kwa kila mtu, hata kwa mwenye kituo cha mafuta. Mpe Nadine hongera zetu.

Nimesikitika kuhusu Mzee Sturdivant. Lakini Shangazi, mimi sikuwepo. Wewe uliona kutoka kibarazani, na mtu wa kibarazani haoni mikono iliyo ndani ya gari. Inawezekana hawakukusikia. Ukiwa kwenye hali ile masikio yanaziba, unasikia moyo wako tu. Hilo ni jibu la polisi, uliomba.

Tafadhali usiende kwenye kikao. Andika malalamiko, yapeleke kituoni, subiri uchunguzi. Ukimsema polisi mbele ya watu, kila polisi mjini anajiona amesemwa yeye, na wanafunga milango. Mkuu wa polisi ni mtu kama watu wengine. Ukimpa heshima yake atakusikiliza. Ukimvua nguo hadharani hatakusikiliza kamwe, hata ukiwa na haki.

Nina usaili wa cheo cha usajini mwezi wa nane. Niombee.

Mpwa wako,
Tobias


Marlow Bend
6 Aprili 2019

Mwanangu,

Barua yako imefika Ijumaa. Kikao kilikuwa Jumanne. Ushauri wako umekuta chakula kimeshaliwa na sahani zimeoshwa. Nafurahi kuhusu meno ya Simone.

Kabla sijasahau, malalamiko nilishayapeleka. Nilisimama kwenye dirisha la kituo, binti akanipokea vizuri, akagonga muhuri. Baada ya siku chache nikapata jibu la mistari miwili kwamba suala limeangaliwa na maofisa walifuata utaratibu. Nani aliangalia? Hakuna aliyeniuliza hata nilikuwa nimesimama wapi.

Basi nikaenda. Unapewa dakika tatu. Nilivaa suti ya buluu ya Pasaka. Nikawaamkia wote, nikamshukuru meya kwa nafasi, nikaeleza nilichoona. Sikupandisha sauti. Nilipomaliza, meya akamgeukia Mkuu wa Polisi, Doyle Haskett, kama ana la kusema. Alikuwa nalo. Alisema vijana wake wanafanya kazi ngumu, na kwamba siku hizi kila mtu mwenye kibaraza ni mtaalamu wa upolisi. Watu wakacheka. Kisha akasema: "Laiti mtu yeyote angewaambia maofisa wangu kwamba yule bwana ni mgonjwa, mambo yangekwenda tofauti. Hakuna aliyewaambia."

Tobias, nilikuwa karani wa shule miaka ishirini na saba. Nilikuwa nawaita watoto kutoka mwisho wa uwanja wa mpira bila kipaza sauti. Wewe mwenyewe ulikuwa unajificha ukisikia.

Nikasimama tena. Meya akasema, "Bi Pruitt, dakika zako zimekwisha."

Nikamwambia, "Dakika zangu zimekwisha, lakini uongo wake ndio kwanza umeanza."

"Bi Pruitt, tuheshimiane hapa."

"Mimi nimeheshimu. Nimekuja na malalamiko yenye muhuri. Nimevaa viatu vinavyonibana. Sasa huyu bwana ananiambia mbele ya uso wangu kwamba sikuwepo. Haskett, wewe ni muongo, na mwenyewe unajua."

Mke wake alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilimwona akishika mkoba wake. Sikufurahi kwa hilo, lakini sikuliondoa neno.

Alhamisi mchungaji kanivuta pembeni, kanihubiria kuhusu kuwatii wenye mamlaka. Nikamuuliza kama bega la Alvin halina mamlaka yake. Akasema tusimuudhi Haskett, maana ndiye anayetuletea polisi wa kuongoza magari siku za mazishi. Nikamwambia tutazikana kwa miguu.

Hukujibu swali langu. Hivyo ndivyo mnavyofundishwa?

Ernestine


Oregon
12 Mei 2019

Shangazi,

Sisi wazima. Mvua haikatiki.

Mtu mmoja amerekodi kile kikao, na video imesambaa mpaka huku. Nimefika kazini Jumatatu nikakuta wenzangu wamejikusanya kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanaitazama. Jina la ukoo liko chini ya picha. Mmoja akaniuliza, "Pruitt, huyu bibi ni wa kwenu?" Nikasema ndiyo. Tangu siku ile wananiita "Kibaraza". Natoka kwenye gari la doria, mtu anapiga kelele, "Kibaraza yupo, jamani, vaeni vizuri, shangazi anatazama." Wanacheka. Mimi pia nacheka, maana usipocheka ndiyo imekwisha.

Huelewi ulichofanya. Kumwita mkuu wa polisi muongo mbele ya mkewe na mji mzima. Wewe uliyenichapa kwa kumjibu mwalimu. Ulikuwa unaniambia mkubwa hajibiwi, hata akikosea unanyamaza, unakwenda nyumbani, unawaambia wazazi. Sasa nani amebadilisha sheria? Ningejua zamani kwamba inaruhusiwa ningejiokoa fimbo nyingi.

Mimi naamka kila siku navaa nguo ambazo nusu ya watu wetu weusi wanazichukia. Nazivaa kwa sababu naamini mtu kama mimi akiwa ndani mambo yanakuwa bora kidogo. Nimejenga jina langu humo tofali kwa tofali. Wewe umekuja na nyundo kwa dakika tatu.

Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza mpaka mwezi wa nane upite. Baada ya hapo sema utakacho.

Tobias


Marlow Bend
8 Juni 2019

Mwanangu,

Barua yako nimeipokea. Nyanya zangu zimeshika vizuri mwaka huu, nimezifungia vijiti. Mtoto wa Nadine ameanza kucheka. Paa la kanisa limeezekwa, sasa linavuja upande wa mchungaji. Nimepika kambare na mkate wa mahindi Jumamosi, nikakukumbuka.

Msalimie Renata. Mbusu Simone.

Ernestine


Oregon
24 Juni 2019

Shangazi,

Nimesoma barua yako ya nyanya mara nne nikitafuta kitu. Nikasema, ah, kanisikia. Nikamwambia Renata, "Unaona, ukizungumza naye vizuri anaelewa." Renata akanitazama tu.

Jana Nadine kapiga simu. Kumbe tarehe nne ulikamatwa. Ulitolewa kwenye kikao na pingu, ukapigwa picha kituoni kama mwizi, na siku nne baadaye ukakaa mezani ukaniandikia habari za kambare.

Sijui nikuambie nini. Nimekasirika mno. Una umri wa miaka sabini na mbili. Una magoti mabovu. Pingu zinaumiza vifundo vya mikono, mimi ndiye ninayezifunga, najua. Nani alikufunga? Zilikuwa mbele au nyuma? Walikupa maji? Kwa nini hukuniambia?

Nadine anasema watakufutia shtaka ukiandika barua ya kuomba radhi. Nimekuandikia, nimeifunga humu. Ni mistari mitano. Haisemi kwamba ulikosea, inasema tu kwamba unasikitika kwa usumbufu. Tia sahihi, ipeleke, iishe.

Na kitu kingine. Nadine kanitumia video ya kamera ya gari la polisi, ile ya siku ya Mzee Sturdivant, aliyopewa wakili wa mzee. Nimeitazama. Sitasema lolote juu yake, kwa hiyo usiniulize.

Tobias


Marlow Bend
3 Julai 2019

Mwanangu Tobias,

Tu wazima. Kuna joto la kukausha ulimi. Hongera kwa miaka kumi ya ndoa, nimewatumia kitambaa cha meza, Renata asikitumie kufutia sakafu.

Utajibiwa yote. Pingu zilikuwa mbele. Maji walinipa. Aliyenifunga ni kijana mmoja mpole, hata jina lake sikumuuliza kwa kuwa alikuwa anaona haya kuliko mimi. Alininong'oneza, "Bibi, tafadhali twende, usinifanye nikubebe." Nikamwambia, "Mwanangu, ukinibeba mgongo wako ndio utakaoshtakiwa." Akacheka, kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi.

Ilikuwa hivi. Baada ya Aprili halmashauri walipitisha kanuni mpya. Mwananchi haruhusiwi kumtaja mtumishi wa mji kwa jina kwa nia ya kumshushia heshima. Umesikia mambo hayo? Unaweza kulalamika juu ya shimo la barabarani, lakini usiseme nani alilichimba. Nikangoja zamu yangu. Nikasema, "Jina la aliyemvunja bega Alvin Sturdivant ni Brandt." Meya akagonga nyundo. Nikasema, "Jina la aliyesema sikupaza sauti ni Haskett." Akaniambia nikae. Nikamwambia bado nina dakika mbili. Akaniambia nikae. Nikabaki nimesimama. Basi.

Sikukuambia kwa sababu uliniomba ninyamaze mpaka mwezi wa nane, nami nilikuwa siwezi kunyamaza kwao. Kwa hiyo nikanyamaza kwako. Nilidhani ndicho ulichotaka.

Kuhusu fimbo za zamani. Nilikuchapa kwa kumjibu mwalimu, kweli. Lakini yule mwalimu alipokuita mjinga mbele ya darasa, nani alivaa kofia akaenda shuleni siku hiyohiyo? Hukuambiwa, ulikuwa darasani. Mtoto hamjibu mkubwa. Mimi si mtoto wa Haskett. Kodi ninayolipa halmashauri inalipia petroli ya gari lake.

Unachokiita heshima, mwanangu, naona wenzako wanakiita kunyamaza. Mimi nikimwona mtu ana cheo namwamkia, nampisha njia, nampa jina lake kamili. Akisema uongo namwambia umesema uongo. Ningemdharau ningemwacha nao.

Barua yako ya radhi nimeisoma. Imeandikwa vizuri, ulikuwa hodari wa insha tangu mdogo. Nimeirudisha humu ndani. Mtu asitie sahihi maneno ambayo hakuyasema.

Umeitazama video na hutasema lolote. Sawa. Sikuulizi. Kesi yangu ni tarehe kumi na nne Agosti, ya Alvin ni katikati ya Septemba.

Ernestine


Oregon
29 Julai 2019

Shangazi,

Kitambaa kimefika, Renata amekitandika na ametukataza kula juu yake. Simone anajifunza kuogelea. Gari limeharibika tena, nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli, jambo ambalo limewafurahisha wenzangu mno.

Sitaweza kuja tarehe kumi na nne. Usaili ni wiki hiyohiyo. Nimempigia wakili mmoja rafiki yangu aliyeko Columbus, anasema kanuni kama hiyo haina miguu mbele ya mahakama ya juu, lakini mahakama ndogo ni bahati nasibu. Nenda na Nadine. Usimjibu hakimu. Nakuomba, akikuambia kaa, kaa.

Umeandika kwamba huniulizi. Shangazi, hivyo ndivyo unavyouliza. Nimekujua maisha yangu yote. Najua mdomo wako pia. Nikikuambia nilichokiona, Jumanne inayofuata kitasomwa kwenye kipaza sauti, "Mpwa wangu ambaye ni polisi anasema." Halafu mimi niende wapi?

Tobias


Marlow Bend
15 Agosti 2019

Mwanangu,

Natumaini usaili umekwenda vizuri. Tulikuombea kanisani, hata mchungaji alikuombea, na kwa sauti, pengine ili mimi nione.

Nimepatikana na hatia.

Hakimu ni mwanamke wa makamo, mtaratibu. Nilikaa kila aliponiambia nikae. Nilipopewa nafasi nikaanza kueleza kuhusu Alvin. Akanizuia, bila ukali. Akasema, "Bi Pruitt, inawezekana kila neno ulilosema ni la kweli. Hilo si swali la mahakama hii. Swali ni kama uliambiwa ukae na hukukaa."

Nikasema, "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Basi hapo mna haki. Sikukaa."

Nadine akashika kichwa. Nimepewa kazi ya bure ya kupanga vitabu maktabani mpaka vuli, na jina langu sasa lina doa la jinai. Wakili wako wa Columbus anasema tukate rufaa. Tutaona. Nimechoka, Tobias. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Sikuchoshwa na Haskett, yeye nimemzoea. Nimechoshwa na watu wema wanaonishika mkono sokoni na kuninong'oneza "uko sawa, dada", halafu wanatazama nyuma kama kuna mtu amesikia.

Usinieleze kilichomo kwenye video. Umesema kweli, ningekirudia. Lakini wakili wa Alvin ana mlango, na mlango wake una kengele. Mimi simo tena katika hilo.

Ernestine


Marlow Bend
22 Septemba 2019

Mwanangu Tobias,

Nakuandikia kabla hujajibu ile ya Agosti, maana naona umeijibu kwa miguu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama. Mimi ni shahidi, na shahidi hasikilizi wenzake. Nikaona mtu wa suti ya kijivu anapanda ngazi, nikasema moyoni, huyu anatembea kama kaka yangu Raymond. Ukasimama mbele yangu. Ukasema, "Shikamoo, Shangazi," basi, na karani akakuita ndani, mlango ukafungwa. Nilibaki nimekamata hewa. Baadaye nikaitwa mimi, wewe ukatolewa kwa mlango mwingine. Nilipomaliza nikakukuta kwenye ngazi dakika tano, teksi inapiga honi, unaniambia una zamu kesho. Sikukuuliza hata kama umekula.

Alvin ameachiwa. Umeshaambiwa, lakini acha niandike kwa mkono wangu. Hakimu alisema hakuna kesi ya kujibu. Alvin alijaribu kuinua mikono yote miwili juu, mkono mmoja ukakataa, akaishia kuinua mmoja kama mtoto anayeomba ruhusa. Brandt kapewa likizo ya lazima. Haskett yuko palepale. Mimi Jumatatu niko maktabani, herufi K.

Sasa. Alvin ameniambia ulichosema. Wakili wake ameniambia. Nadine, aliyekuwa ameketi ndani na mtoto, ameniambia mara tatu, na kila mara ushahidi wako unakuwa mrefu zaidi. Nataka nikisikie kutoka kwako. Siku hiyo pekee uliyosema ndiyo siku niliyofungiwa nje.

Na kwenye ngazi, kabla sijafika, nilikuona unaongea na Haskett. Hilo hakuna anayelijua. Niambie nalo.

Shangazi yako


Oregon
6 Oktoba 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Simone anaogelea kama chura. Nilikula uwanja wa ndege, usijali.

Usajini nimekosa. Hawasemi sababu na mimi sijauliza. Jina la "Kibaraza" limekwisha, siku hizi hawaniiti kitu. Nikiingia kwenye chumba cha chai, watu wanakumbuka kwamba wana kazi. Wawili tu wamenishika mkono, mmoja wao tukiwa kwenye maegesho ya magari, hakuna mtu karibu. Nikakumbuka wale watu wako wa sokoni.

Nilichosema mahakamani si kirefu kama cha Nadine. Waliweka video, wakaisimamisha pale Brandt anaponyoosha kiganja. Wakili wa Alvin akaniuliza mimi hufundisha nini. Nikasema nafundisha maofisa wapya namna ya kushughulika na raia njiani. Akauliza kile kiganja kina maana gani. Nikasema tunakifundisha siku za mwanzo kabisa. Mtu wa pembeni akikusemesha na huwezi kuacha unachokifanya, unamnyooshea kiganja bila kugeuka. Maana yake ni: nimekusikia, baki hapo ulipo.

Akauliza, "Kwa hiyo alisikia?"

Nikasema, "Huwezi kumnyooshea kiganja mtu ambaye hukumsikia."

Nilikiona kile kiganja mara ya kwanza nilipoitazama video, mwezi wa sita, jikoni, Renata amesimama nyuma yangu. Sauti yako inasikika wazi. Ilinifanya nikae wima kama mtoto. Nilijua palepale, na nikakutumia mistari mitano ya radhi.

Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nafurahia kuwasema wenzangu hadharani. Nikamwambia sijafurahi hata kidogo. Akauliza kama ni shangazi yangu aliyenituma. Nikasema shangazi yangu amekataa kuniuliza hata swali moja juu ya video hii, na ni adhabu mbaya kuliko zote alizowahi kunipa. Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

Sasa Haskett.

Alinikuta nimesimama kwenye ngazi nakusubiri. Akanipa mkono, nikaupokea. Alikuwa mpole, Shangazi, hilo ndilo lililonishangaza. Hakuwa na hasira. Alisema, "Nilimfahamu baba yako. Raymond Pruitt. Nilipokuwa bado natembea na gari la doria nilikuwa nakutana naye barabarani mara kwa mara. Hakuwahi kunipa shida. Ndiyo bwana, hapana bwana. Yule alikuwa mtu wa heshima. Sijui nyinyi wengine mmeitoa wapi hii."

Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma, siku hizo. Sikuwahi kukuambia, wala sijui kama Baba aliwahi kukuambia. Kila taa za polisi zilipowaka nyuma yetu alikuwa anazima redio, anashusha vioo vyote, anaweka mikono juu ya dashibodi. Halafu ananiambia, "Usiseme kitu, Toby, usiguse kitu." Alikuwa anatabasamu mpaka wakimaliza. Wakishaondoka alikuwa hawashi gari. Tulikuwa tunakaa palepale mpaka miguu yake iache kutetemeka, kwa sababu hakuweza kukanyaga klachi. Nilikuwa mtoto, nikadhani ndivyo watu wazima wanavyofanya. Nilipokua nikasahau miguu, nikakumbuka tabasamu.

Nikamwambia Haskett, "Baba yangu hakuwa anakuheshimu. Alikuwa anakuogopa."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anasubiri niongeze kitu, au nicheke. Nikamwambia, "Miaka yote hiyo ulikuwa unasimama dirishani pake, na hukuwahi kujua tofauti."

Alivaa kofia yake akashuka ngazi, akaingia kwenye gari. Ndipo wewe ukatoka.

Bado naona hukupaswa kumwita muongo mbele ya mkewe. Ungengoja atoke nje.

Haya ninayokuandikia kuhusu Baba, usimwambie mtu. Au waambie. Utawaambia tu.

Mpwa wako akupendaye,
Tobias